Fungueni Makasha, Katuni Zisomwe

Mwezi Aprili 2024, katika mnada wa kampuni ya Heritage ya Dallas, Marekani, nakala moja ya jarida la katuni liitwalo Action Comics, toleo la kwanza, iliuzwa kwa dola milioni 6. Jarida hilo lilitoka mwaka 1938 kwa bei ya senti 10, na ndilo lililomtambulisha Superman kwa walimwengu. Habari iliishia kwenye bei, wasomaji wakashika vichwa, mambo yakapita. Lililostahili mjadala halikuguswa: mnunuzi hakupewa jarida la kusoma. Alikabidhiwa kasha gumu la plastiki lililozibwa pande zote, jalada la mbele likionekana upande mmoja na la nyuma upande wa pili, kurasa zote za katikati zikiwa hazionekani na mtu yeyote. Akitaka kuzisoma itambidi alivunje kasha, na akilivunja, cheti cha daraja lake kinakufa papo hapo na sehemu ya bei inaondoka nacho. Biashara ya matoleo ya zamani ya katuni za mashujaa imefika mahali ambapo kusoma ni kuharibu. Hoja yangu ni kwamba biashara hii imepinduka kichwa chini miguu juu. Thamani ya majarida haya iliumbwa na wasomaji, na msomaji akishafungiwa nje, kinachobaki ndani ya plastiki ni noti tu yenye picha ya Superman.

Tuanze na uhaba, maana ndio unaopandisha bei. Inakadiriwa kwamba toleo lile la 1938 lilichapwa nakala zipatazo 200,000, na wauzaji wa fani hii wanakisia kuwa zilizosalia ni kama 100 hivi. Nyingine zilisomwa. Watoto walizikunja wakazitia mfuko wa nyuma wa suruali, wakabadilishana shuleni, wakazisomea kitandani hadi majalada yakachomoka kwenye pini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wamarekani walihimizwa kukusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya mahitaji ya vita, na marundo ya katuni yakaenda huko. Vita vilipokwisha zikaandamwa na wasimamizi wa maadili: mwaka 1948 katika mji mdogo wa Spencer, West Virginia, wanafunzi walizirundika nje wakazitia moto, na mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham akachapisha kitabu cha kuzilaumu kuwa zinapotosha watoto, Bunge la Seneti nalo likaitisha vikao. Kitu kilichodharauliwa kiasi hicho hakikosi kuadimika. Lakini moto na dharau pekee visingetosha. Yako majarida mengi ya mwaka 1938 yaliyo adimu vilevile, na hakuna anayeyatolea hata dola 20, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyapenda. Uhaba unageuka kuwa thamani pale tu ambapo wapo watu waliosoma, wakakua, kisha wakaikumbuka hadithi na kuitafuta tena.

Ukiangalia ni nani hasa waliookoa kidogo kilichobaki, utaona hawakuwa wafanyabiashara. Mkusanyo unaosifiwa kuliko yote katika fani hii ni ule wa Edgar Church, mchoraji wa matangazo wa Colorado, aliyenunua katuni kwa miaka mingi na kuzipanga nyumbani kwake kwa marundo. Mwaka 1977 familia yake iliziuza kwa kijana mwenye duka, Chuck Rozanski, naye akakuta maelfu kwa maelfu ya nakala, nyingi zikiwa kama zimetoka kiwandani jana. Church alizinunua wakati ambapo hapakuwa na soko lolote la katuni kuukuu, akaziweka zikae. Hewa kavu ya Colorado ikafanya kazi ambayo mfuko wowote wa plastiki ungeitamani. Kabla ya hapo, mapema miaka ya 1960, Jerry Bails, mhadhiri wa chuo kikuu huko Detroit, alikuwa ameanzisha na mwenzake Roy Thomas kijarida cha mashabiki kilichoitwa Alter Ego, na akafanya kazi ya kuhamishia katuni za zamani kwenye maikrofilamu ili wenzake wasiokuwa nazo wazisome. Kitabu cha kwanza cha mwongozo wa bei cha Robert Overstreet kilitoka mwaka 1970. Kwa maneno mengine, walioweka msingi walikuwa kazini kabla bei hazijaandikwa popote. Hata Novemba 2025, nakala ya Superman nambari 1 iliyouzwa kwa dola zaidi ya milioni 9 ilitoka kwenye dari la nyumba moja ya California, alikokuwa ameiweka mama aliyeinunua utotoni. Wanawe waliikuta chini ya magazeti.

Kuna ushahidi mwingine wenye nguvu zaidi, kwa sababu unaonyesha upande wa pili: nini hutokea watu wanaponunua bila kusoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, habari za bei za minadani zilipoenea, walanguzi walijaa kwenye maduka ya katuni. Wachapishaji nao hawakulala. Mwaka 1991 Marvel ilitoa X-Men nambari 1 ikiwa na majalada matano tofauti, ikauza nakala zaidi ya milioni 8 na kuingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Mwishoni mwa 1992 mahasimu wao, DC, wakamuua Superman katika toleo la 75, likauzwa ndani ya mfuko mweusi uliozibwa, pamoja na kitambaa cheusi cha kuvaa mkononi kama mfiwa. Mamilioni ya nakala zilinunuliwa. Wengi walichukua mbili mbili, moja ya kufungua na nyingine ya kuwekea karo ya watoto. Zile za akiba zimetunzwa vizuri ajabu hadi leo, na hapo ndipo balaa lilipo: kwa kuwa kila mtu alitunza, hakuna kilichoadimika, na X-Men ile unaweza kuipata kwa dola chache tu, zaidi ya miaka thelathini baadaye. Wanunuzi walipogundua hivyo walitoweka, maduka mengi yakafungwa, na Desemba 1996 Marvel yenyewe ikakimbilia mahakamani kuomba kinga ya ufilisi. Superman, bila shaka, alikuwa ameshafufuka kitambo.

Ungedhani funzo lile lingewarudisha watu kwenye kurasa. Kilichokuja ni kasha. Mwaka 2000 ilianza kazi kampuni iitwayo CGC, ambayo hupokea katuni yako kwa malipo, huihesabu kurasa, huikagua mgongo, pembe, pini na rangi ya karatasi, huipa alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha huizibia ndani ya plastiki yenye lebo juu. Kwa haki, ilitatua tatizo la kweli. Muuzaji wa zamani alikuwa akiita kila kitu safi kabisa, na nakala zilizotiwa rangi au gundi kwa siri ziliuzwa kama asili. Mnunuzi wa mbali hakuwa na namna ya kujua. Tatizo ni lile lililofuata. Alama ikawa ndiyo bidhaa. Tofauti ya 9.6 na 9.8, ambayo mtu wa kawaida akipewa nakala zote mbili mkononi hawezi kuiona, huweza kupandisha bei mara mbili au zaidi, na watu wanabishania lebo bila kuuliza hadithi ya ndani inasema nini.

Hakuna mfano unaoonyesha upotofu huu vizuri kama Incredible Hulk nambari 181 ya mwaka 1974, toleo ambalo Wolverine anaonekana kikamilifu kwa mara ya kwanza. Mwaka huo Marvel ilikuwa imeanza kuchapa stempu ndogo kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, ikiwahimiza watoto wachukue mkasi, wazikate na kuzibandika kwenye kijitabu maalumu. Stempu ya toleo la 181 ina picha ya Shanna, shujaa wa kike wa porini ambaye leo wachache wanamkumbuka. Mtoto mtiifu alikata. Nusu karne baadaye, nakala yake ina tundu la mraba kwenye ukurasa ule, na bei yake imeporomoka hadi kuwa kivuli cha ile isiyokatwa. Kwa hiyo jambo la kwanza anunuapo mtu Hulk 181 isiyo na kasha ni kufunua ukurasa wa barua kutazama kama stempu ipo, na wengi baada ya hapo hawafunui ukurasa mwingine. Msomaji aliyefanya hasa alichoombwa na mchapishaji ndiye anayehesabiwa kuwa mharibifu. Mimi naona kinyume chake. Tundu lile ni ushahidi kwamba jarida lilifika mikononi mwa mtu aliyelihitaji, na soko lenye akili lingekuwa na adabu kidogo kwake.

Watetezi wa kasha watasema: karatasi hii ni dhaifu, bila ulinzi itakwisha. Ni kweli ni dhaifu. Katuni zilichapwa kwenye karatasi ya magazeti, iliyotengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na asidi iliyomo humo ndiyo inayoifanya iwe ya njano, kisha ya kahawia, hadi inameguka ukiigusa. Ila ugonjwa huo umo ndani ya karatasi yenyewe. Kuizungushia ukuta hakuutoi. Kinachoupunguza kasi ni chumba chenye ubaridi, ukavu na giza, pamoja na mfuko wa Mylar na ubao usio na asidi, vitu ambavyo vinauzwa kwa bei nafuu na vinamruhusu mwenye jarida kulitoa, kunawa mikono, kulisoma juu ya meza na kulirudisha. Na wale wanaosema kasha ni kinga ya ulaghai wamesahau kwamba mwishoni mwa 2023 CGC yenyewe ilitangaza kuwa kuna walaghai waliopata namna ya kuweka nakala za daraja la chini ndani ya makasha yenye lebo za daraja la juu. Makasha hayo yalitambuliwaje? Kwa kutazama jarida lenyewe: doa hili, mkunjo ule, pini iliyokaa upande. Macho yaliyozoea kurasa ndiyo yaliyoikamata lebo, na macho ya namna hiyo hayapatikani kwa mtu ambaye tangu ananunua hajawahi kufungua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Hadithi hizi, wanasema, zimechapwa upya katika vitabu na zinapatikana kwenye simu. Anayetaka kusoma asome huko, nakala ya asili ibaki kama kumbukumbu. Hoja hii ingekuwa na uzito kama toleo jipya lingekuwa na kila kilichokuwamo kwenye la zamani. Halina. Machapisho mapya mara nyingi huacha matangazo, huacha barua, na hupaka rangi upya kwa kompyuta mahali ambapo mchapaji wa zamani alitumia nukta ndogo ndogo kwenye karatasi inayonyonya wino. Matangazo yale ya miwani ya kuonea mifupa na ya Charles Atlas, yaliyomwahidi kijana mwembamba kifua kipana, yanakueleza mtoto wa Marekani wa wakati ule aliaibishwa na nini, kuliko hotuba za wanasiasa wake. Na barua ndizo zilizozaa ukusanyaji. Mapema miaka ya 1960 mhariri wa DC, Julius Schwartz, alianza kuchapa anwani kamili za walioandika, ndipo mashabiki waliotawanyika nchi nzima wakaanza kuandikiana na kubadilishana matoleo. Katika Fantastic Four nambari 20, ya mwaka 1963, imo barua ya kijana mmoja wa New Jersey aliyekuja kuwa mwandishi maarufu, George R. R. Martin. Ukiwa na toleo hilo ndani ya kasha, barua hiyo unayo lakini huioni. Ni sawa na kununua kanga ukaifungia sandukuni bila kulisoma jina lake.

Lipo kundi la tatu, nalo husema bei kubwa zimeipa sanaa hii heshima: kilichochomwa moto mwaka 1948 leo kinauzwa karibu na michoro ya mabwana wa Ulaya. Heshima ya nani? Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland waliombuni Superman, walilipwa dola 130 kwa haki zote. Walipozeeka, mmoja akiwa karibu kupofuka, kampuni ya Warner ilikubali mwaka 1975 kuwapa dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kurudisha majina yao kwenye jarida, baada ya wachoraji wenzao Neal Adams na Jerry Robinson kupiga kelele kwenye vyombo vya habari. Hakuna mnada uliowasaidia, kwa sababu mwandishi hapati senti moja nakala kuukuu inapobadilisha mikono. Mwaka 2012 hundi yenyewe, ile yenye dola 130 ndani ya hesabu yake, ilipigwa mnada ikauzwa dola 160,000. Watunzi wote wawili walikuwa wameshafariki. Na bei haitunzi kila kitu. Inatunza matoleo machache yenye jina, yale ambamo shujaa fulani anatokea kwa mara ya kwanza. Katuni za mapenzi, za wanyama wachekeshaji na za mashujaa walioshindwa kupata umaarufu zimeachwa zioze. Wanaozihifadhi hizo ni maktaba, kama ile ya Bunge la Marekani mjini Washington, ya Chuo Kikuu cha Michigan State na ile ya Billy Ireland katika Chuo Kikuu cha Ohio State, pamoja na mashabiki wachache wasiojali bei.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu angalau kwa toleo moja. Mwaka 1975 Marvel ilitoa Giant-Size X-Men nambari 1, kazi ya mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum, na humo ndimo alimozaliwa Storm, jina lake Ororo, mwanamke anayetawala mvua na radi. Hadithi zilizofuata zikaeleza kwamba mama yake ni Mkenya, na katika toleo lile la kwanza Profesa Xavier, kiongozi wa X-Men, anamkuta Kenya akiabudiwa na wanakijiji kama mungu wao wa mvua. Leo hilo ni miongoni mwa matoleo yanayotafutwa sana ya muongo ule. Jalada lake linajulikana: mashujaa wapya wanachana picha ya wale wa zamani na kuruka nje. Ni zuri, nalo ndilo utakaloliona kwenye kasha. Lakini anayetaka kujua Mmarekani wa 1975 aliiwaza vipi Kenya, nchi iliyokuwa na bunge, vyuo na magazeti yake, na kwa nini wanakijiji wale wamechorwa wamepiga magoti na hawana jina hata mmoja, lazima afunue. Kumpenda Ororo na kumkosoa mtunzi wake kwa pamoja kunawezekana, ila ni kwa aliyesoma. Soko halina daraja la kupima hilo.

Na huku kwetu hakuna Overstreet. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Kenya kwa miongo kadhaa. Lance Spearman, mpelelezi mwenye kofia na sigara wa jarida la picha la African Film, alisomwa kwa pupa Nairobi na kwingineko Afrika miaka ya 1960 na 1970. Tanzania ilikuwa na Sani. Magazeti hayo yalipita mikono mingi kama Action Comics ilivyopita, yakachanika kama ilivyochanika, ila hayana mnada unaoyasubiri, na huenda usije. Tukikubali kwamba bei ndiyo inayookoa maandishi, basi haya tuyaage. Tukikubali ushahidi wa Church na Bails, kwamba waokoaji wa kwanza ni wale walioyataka maandishi yenyewe, kazi inaweza kuanza bila dola hata moja.

Limebaki pingamizi la mwenye pesa, naye asidharauliwe: nakala ya daraja la juu ni akiba, na kuifungua ni kuchoma mali. Kwa aliyetoa milioni 6, sawa, sina ushauri. Sheria inamruhusu kuzika jarida lake akipenda. Ninaowazungumzia ni vijana wengi zaidi, wakiwamo wa Afrika Mashariki wanaoagiza kwa mtandao, wanaoambiwa kwamba bila lebo hawajanunua kitu. Matoleo mengi ya kawaida ya miaka ya 1970 bado yanauzwa dola chache yakiwa na mikunjo na jina la mtoto fulani limeandikwa kwa kalamu juu ya jalada. Hata yale yenye jina kubwa, nakala ya alama 2 huwa ni sehemu ndogo ya bei ya alama 9, na hadithi, barua na matangazo ni yale yale. Mwambie muuzaji ahesabu kurasa, apige picha pini za katikati na, kama ni la mwaka 1974 au 1975, ukurasa wa barua. Kama stempu imekatwa, omba upunguziwe, ulichukue hivyo hivyo.